John von Neumann: Mwanahisabati aliyezifungulia mashine mlango wa karata

KATIKA mabweni ya vyuo jijini Nairobi, na katika mitaa inayoanzia katikati ya jiji hadi Westlands, Kangemi na Kawangware, ni vijana wachache wasioujua mchezo wa kadi. Kila mchezaji hugawiwa karata chache, naye hutupa mezani karata inayolingana na iliyotangulia, ama kwa namba au kwa alama. Mbili na tatu humwadhibu anayefuata kwa kumlazimu kuokota karata zaidi. Nane na malkia ni maswali yanayodai jibu. Anayekaribia kumaliza sharti atangaze kwamba yuko kadi, la sivyo ushindi wake haukubaliwi.

Mtazamaji mgeni aweza kudhani huo ni mchezo wa bahati tu. Aliyeuzoea anajua vingine. Mchezaji stadi hukumbuka karata zilizokwisha kutupwa, huiweka akiba A yake kwa saa ya dhiki, na hujitahidi uso wake usimfichue. Hata hivyo, lipo jambo moja asiloweza kulikwepa: hajui wenzake wameshika nini.

Jambo hilohilo liliwatatiza wataalamu wa akili bandia kwa miaka mingi. Mnamo Mei 1997, tarakilishi iliyoitwa Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia wa sataranji, Garry Kasparov. Lakini miaka 20 ilibidi ipite kabla ya mashine kuwashinda mabingwa wa mchezo wa karata wa poka, ule wa watu wawili usio na kikomo cha dau. Katika sataranji kila kete i wazi machoni pa wote wawili, na mashine hupekua hatua zijazo moja baada ya nyingine. Katika karata, nusu ya ukweli imefichwa mkononi mwa mpinzani.

Anayetaka kuelewa jinsi kizuizi hicho kilivyovukwa hana budi kurejelea maisha ya John von Neumann, mwanahisabati aliyefariki mwaka wa 1957. Mashine ya kucheza karata huhitaji mambo matatu: nadharia ya kuamua pasipo kuona, mbinu ya kukisia kwa sampuli, na tarakilishi yenyewe. Yote matatu yalipitia mikononi mwa mtu huyu mmoja. Maisha yake vilevile yaonyesha ni wapi mafunzo ya karata hufikia kikomo.

Mwana wa Budapest

Von Neumann alizaliwa Desemba 28, 1903 jijini Budapest, Hungary, enzi za himaya ya Austria na Hungary. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wenye uwezo, nao walimpa jina János. Babake, Miksa, alikuwa mwanasheria aliyefanya kazi katika benki. Mnamo 1913 familia hiyo ilitunukiwa hadhi ya ukabaila, na hapo ndipo lilipotoka neno von katika jina lake.

Kipaji cha kijana huyo kilidhihirika mapema. Alijaliwa kumbukumbu ya ajabu na wepesi wa kujifunza lugha, na walimu wake katika shule ya Kilutheri mjini humo walitambua kwamba hesabu za darasani zilikuwa ndogo kwake. Katika shule hiyo alisoma pia Eugene Wigner, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 1963.

Babake hata hivyo alikuwa na hofu ambayo wazazi wengi wa Kenya wangeielewa: alichelea kwamba hesabu tupu hazingemlisha mwanawe. Wakapatana. Kijana akasomea uhandisi wa kemia, ambao ulionekana kuwa na ajira, na akahitimu mjini Zürich mwaka wa 1925. Wakati huohuo alikuwa amejiandikisha katika chuo kikuu cha Budapest kusomea hesabu, na mwaka uliofuata akatunukiwa shahada ya uzamifu. Alikuwa na umri wa miaka 22.

Sarafu mkononi na hadaa mezani

Kutoka hapo alielekea Göttingen, Ujerumani, kitovu cha hesabu duniani wakati huo. Ni huko ambako, mnamo Desemba 1926, alitoa mhadhara kuhusu michezo ya mezani. Makala yaliyotokana na mhadhara huo yalichapishwa mwaka wa 1928, na ndiyo yanayohesabiwa kuwa msingi wa nadharia ya michezo. Mfaransa Émile Borel alikuwa ametangulia kuuliza maswali ya aina hiyo, lakini ni von Neumann aliyetoa thibitisho kwa jumla.

Wazo lake laweza kuelezwa kwa mchezo wa watoto wa kuficha sarafu. Mtoto mmoja huificha katika mkono mmoja, na mwenzake hukisia. Akipendelea mkono wa kulia, atagunduliwa upesi. Akibadilisha kila mara, kulia kisha kushoto, atagunduliwa vilevile. Njia salama ni kuiachia bahati iamue, nusu kwa nusu, ili hata mpinzani mwerevu kuliko wote asiambulie zaidi ya bahati yake. Kwa maneno mengine, siri ya mtu huwa salama zaidi pale ambapo hata yeye mwenyewe hajui mapema atakalotenda.

Von Neumann alithibitisha kwamba jambo hilo ni kweli kwa kila mchezo wenye kikomo wa watu wawili ambapo faida ya mmoja ni hasara ya mwenzake. Daima kuna njia bora ya kuchanganya hatua kwa bahati, na anayeifuata hawezi, kwa wastani, kupata pungufu ya kiwango fulani, hata mpinzani afanye nini.

Katika karata, ugunduzi huo uliipa hadaa heshima mpya. Tuseme mezani kuna Sh100, na mchezaji wa poka anaweka dau la Sh100 zaidi. Mpinzani sasa hulipa Sh100 kwa matumaini ya kupata Sh200. Ikiwa mchezaji huyo huweka dau akiwa na karata nzuri pekee, mpinzani atajiondoa kila mara. Ikiwa hudanganya kila mara, mpinzani atalipa kila mara na kumkamata. Hesabu huonyesha kwamba ni vyema dau moja katika kila matatu liwe la hadaa. Hapo mpinzani hana la kuchagua: alipe asilipe, matokeo yake kwa wastani ni yaleyale.

Kwa hivyo hadaa, ambayo wengi waliidhania kuwa suala la ujasiri na macho makavu, iligeuka kuwa sehemu ya hesabu.

Safari ya Marekani

Mnamo 1930 von Neumann alialikwa Princeton, Marekani. Mwaka wa 1933, mwaka ambao Hitler alitwaa mamlaka Ujerumani, aliteuliwa miongoni mwa maprofesa wa kwanza wa taasisi mpya ya utafiti mjini humo, pamoja na Albert Einstein. Alipata uraia wa Marekani mwaka wa 1937.

Ndoa yake ya kwanza, iliyomjalia binti aliyeitwa Marina mwaka wa 1935, ilivunjika. Mnamo 1938 alimwoa Klára Dán, mwenyeji mwenzake wa Budapest, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuandika programu za tarakilishi.

Hakuwa msomi wa kujifungia chumbani. Alipenda karamu, mavazi nadhifu na mizaha, na aliweza kufanya hesabu nzito katikati ya kelele. Waliomfahamu walisimulia pia kwamba mezani alikuwa mchezaji wa poka wa kiwango cha kawaida tu. Mtu aliyefafanua hadaa kwa hesabu hakuwa bingwa wa kuitenda.

Mwaka wa 1944, akishirikiana na mwanauchumi Oskar Morgenstern, alitoa kitabu cha zaidi ya kurasa 600 kuhusu nadharia ya michezo na mienendo ya kiuchumi. Humo poka ilipewa sehemu yake, nayo masoko, ushindani na miungano ya watu wengi ikachambuliwa kwa hesabu zilizoanzia karatani.

Bomu na tarakilishi

Wakati huo Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimepamba moto. Kuanzia 1943, von Neumann alikuwa mshauri wa mradi wa siri wa bomu la atomiki huko Los Alamos. Hesabu zake zilisaidia kubuni namna ya kulibana kwa mlipuko kiini cha bomu la aina iliyoangushwa mjini Nagasaki Agosti 9, 1945. Alihudhuria pia kamati iliyojadili ni miji ipi ya Japani ishambuliwe.

Hesabu za bomu zilikuwa nyingi kupita uwezo wa binadamu. Mnamo 1944, katika kituo cha gari la moshi, alikutana na afisa wa jeshi Herman Goldstine, aliyemfahamisha kuhusu mashine kubwa ya kielektroniki, ENIAC, iliyokuwa ikiundwa mjini Philadelphia. Juni 1945 ikasambazwa rasimu yenye jina la von Neumann iliyoeleza tarakilishi ambayo maagizo yake huhifadhiwa ndani pamoja na data.

Wahandisi J. Presper Eckert na John Mauchly, waliounda ENIAC, walilalamika kwamba mawazo ambayo walishiriki kuyazaa yalipewa jina la mtu mmoja. Malalamiko hayo yalikuwa na uzito. Hata hivyo, umbo hilo la mashine limebaki likiitwa kwa jina la von Neumann.

Lilifika hata Nairobi. Mapema miaka ya 1960, shirika la reli la Afrika Mashariki liliweka tarakilishi inayohesabiwa kuwa ya kwanza nchini Kenya, ikitumika kwa kazi kama mishahara na hesabu za bohari. Ililishwa data kwa kadi za karatasi zilizotobolewa. Leo, wanafunzi wa masomo ya tarakilishi wa Chuo Kikuu cha Nairobi katika bewa la Chiromo, karibu na Westlands, hutumia mashine ndogo zenye nguvu kupita kiasi, lakini mpangilio wa msingi ni uleule.

Mgonjwa na karata zake

Jambo la tatu lilitokana na karata zenyewe. Mnamo 1946 Stanislaw Ulam, mwanahisabati mzaliwa wa Poland na rafiki wa von Neumann, alikuwa akipata nafuu baada ya ugonjwa mzito. Alijiliwaza kwa kucheza karata peke yake, akajiuliza uwezekano wa mchezo kumalizika kwa ushindi. Hesabu kamili zilimshinda. Akaona kwamba ni rahisi zaidi kucheza mara mia moja na kuhesabu ushindi.

Von Neumann alitambua mara moja uzito wa wazo hilo. Waliligeuza kuwa mbinu ya kukokotoa kwa kubahatisha mara nyingi, wakaipa jina la Monte Carlo, mji unaojulikana kwa kamari. Mnamo 1948 mbinu hiyo ilitumika katika ENIAC kwa hesabu za nyuklia, na Klára alikuwa miongoni mwa walioandika maagizo yake.

Turudi sasa kwa wachezaji wa kadi wa Nairobi ili tuone vifaa hivi vitatu vikifanya kazi pamoja. Tuseme watu wawili wanacheza kwa karata 52, kila mmoja ana nne, na moja iko mezani. Kwa mchezaji mmoja, karata 47 hazijulikani ziliko. Nne alizoshika mwenzake zaweza kuwa kundi lolote kati ya makundi 178,365. Binadamu hawezi kuyapekua yote, na mashine nayo ikijaribu kufuata kila kundi hadi mwisho wa mchezo huelemewa.

Njia ya kwanza ambayo wataalamu waliitumia ni ile ya Ulam. Mashine hubuni makundi, tuseme elfu moja, ambayo huenda mpinzani ameshika. Katika kila moja hucheza kana kwamba karata zote zi wazi, kisha huchagua hatua iliyofaulu zaidi kwa wastani. Katika miaka ya 1990, programu ya briji iliyoitwa GIB, kazi ya Mmarekani Matthew Ginsberg, ilipiga hatua kubwa kwa njia hiyo.

Lakini njia hiyo ina kasoro. Katika kila mchezo wa kufikirika, mashine hujifanya inajua kila kitu. Kwa hiyo haioni faida ya kupeleleza, wala haioni haja ya kuficha. Haidanganyi kamwe, kwa kuwa katika mchezo ulio wazi hakuna wa kudanganywa.

Tiba yake ilipatikana kwa kurudi kwenye thibitisho la 1928. Mnamo 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walieleza mbinu ya kuhesabu majuto. Mashine hucheza dhidi ya nafsi yake mara nyingi mno. Baada ya kila mchezo hujiuliza ingepata kiasi gani zaidi lau ingetenda vingine, na siku ya pili huipa nafasi kubwa zaidi hatua iliyojutia kuiacha. Katika mchezo wa watu wawili, wastani wa mienendo hiyo hukaribia njia bora ambayo von Neumann alithibitisha kuwa ipo. Hadaa hujitokeza yenyewe, bila kufundishwa.

Kutokana na mbinu hiyo, mnamo 2015 wataalamu hao walitangaza kwamba aina moja ya poka ya watu wawili, yenye kikomo cha dau, ilikuwa karibu imefumbuliwa kabisa. Januari 2017, programu ya Libratus ya Noam Brown na Tuomas Sandholm wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa mjini Pittsburgh katika michezo 120,000 iliyochezwa kwa siku 20. Libratus haikutegemea mpango wa awali pekee. Ilipofikia hatua za mwisho za mchezo, iliutatua upya kwa undani, huku ikizingatia kila kitu ambacho mpinzani angeweza kuwa amekificha.

Mwaka wa 2019 programu ya Pluribus iliwashinda wachezaji wa kulipwa katika meza ya watu sita. Hapo thibitisho la 1928 halitoi tena dhamana, kwa kuwa liliwahusu wawili tu. Mashine ilishinda kwa vitendo bila cheti cha nadharia. Kadi ya watu wanne katika bweni la Nairobi iko upande huohuo wa mpaka.

Mpaka ambao karata haziuvuki

Von Neumann hakuishi kuyaona hayo. Miaka yake ya mwisho aliitumia zaidi katika mchezo mwingine, ule wa mataifa mawili yenye silaha za nyuklia. Alichangia hesabu za bomu la haidrojeni, akaongoza kamati ya wataalamu kuhusu makombora ya masafa marefu, na mnamo 1955 akawa mwanachama wa tume ya nishati ya atomiki ya Marekani.

Aliichukia serikali ya Kisovieti, na kuna wakati aliunga mkono rai ya kuishambulia kabla haijajizatiti kwa silaha hizo. Kwa mtazamo huo, dunia ilikuwa meza ya wachezaji wawili, na kilichomnufaisha mmoja kilimdhuru mwingine.

Hapo ndipo pana onyo. Thibitisho lake lilikuwa na sharti: faida ya huyu iwe hasara ya yule. Vita vya nyuklia havitimizi sharti hilo, kwa maana wote wawili wangeweza kuangamia, na wote wawili walinufaika kwa kutopigana. Ushauri huo haukufuatwa. Muungano wa Kisovieti ulivunjika mwaka wa 1991 bila mataifa hayo mawili kurushiana bomu hata moja la atomiki. Kitabu chake na Morgenstern kilijua tofauti hiyo, kwani sehemu kubwa yake ilihusu michezo ya watu wengi na miungano. Mwandishi mwenyewe ndiye aliyeonekana kuisahau alipogeukia siasa.

Mnamo 1955 madaktari walimgundua na saratani. Mapema 1956 alipokea nishani kutoka kwa Rais Eisenhower akiwa katika kiti cha magurudumu. Alilazwa katika hospitali ya kijeshi ya Walter Reed jijini Washington, chini ya ulinzi wa jeshi, kwa hofu kwamba maumivu yangemfanya atoboe siri za taifa. Mtu aliyekuwa amethibitisha jinsi ya kulinda siri kwa bahati sasa alilindwa na askari mlangoni.

Akili ambayo ulimwengu uliistaajabia ilianza kumtoka, na waliomtembelea walishuhudia hofu yake ya mauti. Alimwita kasisi wa Kikatoliki. Alifariki Februari 8, 1957, akiwa na umri wa miaka 53, na akazikwa Princeton. Mihadhara aliyokuwa akiiandaa, yenye kulinganisha tarakilishi na ubongo wa binadamu, ilichapishwa mwaka uliofuata ikiwa haijakamilika.

Mwanafunzi wa Chiromo anayetaka kuandika programu ya kucheza kadi leo ana kila alichoacha von Neumann: mashine, sampuli na thibitisho. Vitamtosha mezani. Akitoka nje na kuingia katika soko la Kawangware au la Kangemi, atamkuta mnunuzi na mwuzaji wakibishana bei, kila mmoja akificha kiwango chake cha mwisho kama karata. Tofauti ni kwamba hao wawili wakipatana, mmoja huenda nyumbani na mboga na mwingine na pesa, na kesho hukutana tena. Kabla ya mashine kufundishwa kuamua katika biashara, siasa au usalama, swali la kwanza la kuulizwa ni kama aliyekaa ng'ambo ya meza ni mpinzani kweli. Hilo hakuna hesabu ya majuto inayoweza kulijibu kwa niaba yetu.